Sukari 6.4, vidonge vya bakteria na sahani ya kiburu

SWALI: Habari za kazi, dada mtaalamu. Nina miaka 44, naishi Dar, kwetu Kibosho. Juzi nilipima sukari kabla ya kula ikasoma 6.4. Daktari akasema si kisukari bado, ila niko njiani. Kuna jamaa ananiuzia vidonge vya "bakteria wazuri", chupa ya mwezi mmoja bei ya gunia la mkaa, anasema vitatengeneza tumbo na sukari itashuka yenyewe. Nimesikia pia wali ukilala kwenye friji haupandishi sukari. Kuna ukweli? Na mbona wazee wetu nyumbani wanakula ndizi kila siku na sukari zao ziko sawa?

JIBU: Salama kaka. Hiyo hela ya chupa ishike kwanza.

Daktari wako yuko sahihi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), sukari ya kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 mwili umeanza kushindwa kuimudu, ikifika 7.0, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, hicho ni kisukari. Una nafasi ya kurudi nyuma.

Sasa tuje kwa hao bakteria. Wanga wa chipsi, sembe na mkate mweupe humeng'enywa na kufyonzwa karibu wote kwenye utumbo mwembamba. Bakteria wengi wanaishi mbele zaidi, kwenye utumbo mpana, na huko hufika yale tu uliyoshindwa kuyameng'enya wewe: nyuzinyuzi na wanga sugu. Wao huyachachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, yaani asetati, propionati na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia huamsha seli za utumbo zitoe homoni ya GLP-1, inayolihimiza kongosho litoe insulini sukari ikipanda na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Zile sindano za kupunguza mwili zinazovuma siku hizi zinaiga homoni hiyohiyo, ila kwa nguvu kubwa mno kuliko utumbo unavyoweza. Kwa hiyo anayekuambia mlenda ni sawa na sindano, mcheke tu.

Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo. Ukuta ukilegea, mabaki ya bakteria hupenya kwenye damu, kinga ya mwili inabaki imechokozwa muda wote, na ini na misuli huanza kuipuuza insulini. Sehemu hii imethibitishwa vizuri zaidi kwa panya kuliko kwa watu.

Kwa watu tuna majaribio ya chakula chenyewe. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana sahani: Wamarekani weusi 20 wakala kwa wiki mbili chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanavijiji 20 wa huko wakala cha Kimarekani. Kwa Wamarekani nyuzinyuzi zilipanda kutoka gramu 14 hivi kwa siku hadi 55, na butireti ikaongezeka mara mbili na nusu. Kwa wanavijiji ikashuka kwa nusu. Wiki mbili tu!

La pili lilifanyika kwenu. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 jaribio la wanaume 77 wa Kilimanjaro wenye afya. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki mbili, dalili za uchokozi wa kinga zilipanda kwenye damu yao. Waliofanya kinyume chake zilishuka, na mengine ya mabadiliko hayo yalikuwepo bado wiki nne baadaye. Hata kundi lililokunywa mbege, ile pombe ya ndizi, kwa wiki moja lilionyesha nafuu. (Najua wengi mtaishia kusoma hapo. Mbege ina kilevi, na mwenye sukari ya 6.4 simwandikii pombe.) Halikuwa jaribio la kutibu kisukari, kwa hiyo tusilibebeshe zaidi.

Wazee wako, basi. Usiipe ndizi sifa zote. Ndizi mbichi ina wanga sugu mwingi, lakini ikipikwa mwingi hupotea. Kinachobeba kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, ni hayo maharage: kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 12 za nyuzinyuzi, karibu nusu ya gramu 25 ambazo WHO inataka mtu mzima apate kwa siku. Halafu wazee hao wanapanda na kushuka mlima kila siku. Wewe unashuka kwenye daladala.

Vidonge: bakteria wa kwenye chupa kwa kawaida ni wapita njia, ukiacha kumeza nao wanatoweka. Hata kuhamisha bakteria wote haijatosha. Amsterdam, mwaka 2012, wanaume wanene waliowekewa bakteria kutoka kwa watu wembamba walianza kuisikia insulini vizuri zaidi baada ya wiki sita. Utafiti uliofuata, wa 2017, ukakuta kwamba kufikia wiki ya 18 faida ile imekwisha.

Wali wa friji una ukweli mdogo. Ukipoa siku nzima, wanga sugu hupanda kutoka chini ya gramu 1 hadi gramu 1.6 hivi kwa kila gramu 100, na kuupasha hakuufuti wote. Sukari hupanda kwa kiasi pungufu kidogo, lakini inapanda. Ila uweke kwenye friji mapema. Wali uliolala mezani huotesha bakteria wengine kabisa, wale wa kukuharisha.

Ungekaa mbele yangu ningeanza na unga. Badili sembe kwa dona, nyuzinyuzi zinakaribia mara mbili. Kunde, choroko, mbaazi au maharage yawepo kila siku, na fungu la mchicha au matembele lisiwe pambo la pembeni ya sahani. Anza na nusu kikombe cha maharage, uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo gesi itakukatisha tamaa. Yaloweke usiku na maji yake umwage. Mtindi usio na sukari ni mzuri. Na acha kununua antibayotiki duka la dawa kila tumbo likiunguruma, maana zinawaua hao hao unaowalisha.

Tembea dakika kumi na tano baada ya mlo wa jioni. Kama kiuno kimezidi, kilo chache zikipungua zitakusaidia kuliko bakteria yeyote. Baada ya miezi mitatu omba kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ukipeleke kwa daktari wako. Ukianza kukojoa sana usiku, kiu isiyokwisha au kupungua mwili bila sababu, usisubiri miezi hiyo, nenda wiki hiyo hiyo.