Alama ya kola ya Luftwaffe: huyu alikuwa rubani kweli?

SWALI: Habari mhariri, nimepata picha ya zamani ya jamaa mmoja Mjerumani wakati wa vita kuu ya pili, amevaa yunifomu ya Luftwaffe (jeshi la anga la Ujerumani) yenye nembo ya ndege tai kifuani, na pamoja na picha kulikuwa na kipande cha kola cha kijani kilichokolea, kina mabawa matatu, nusu shada la majani chini yake na kamba ya fedha pembeni. Kila mtu ananiambia ni rubani. Ni kweli? Na nitajuaje si feki?

JIBU: Hapana ndugu yangu, rubani hapo sioni, tena nadhani hata mwanajeshi hakuwa. Watu wakishaona tu yule tai anayeruka ameshika swastika kwa mguu mmoja basi wanaruka kwenye jibu, wakati tai huyo alivaliwa na watu kibao, hadi makarani.

Kinachosema kazi ya mtu ni rangi ya kola. Manjano ndio ya marubani na askari wa miavuli, nyekundu ni mizinga ya kutungua ndege, kahawia ni mawasiliano, buluu iliyokolea ni matibabu, waridi ni mainjinia, na hao mainjinia kwenye kola walikuwa na propela badala ya mabawa. Kijani kilichokolea ni cha Beamte, yaani watumishi wa serikali waliovalishwa yunifomu: wahasibu, watu wa majengo, wataalamu wa hali ya hewa na wengineo. Angalia tu usichanganye na kijani hafifu, kile ni cha waongoza ndege, na kitambaa kikipauka ndio balaa, kwa hiyo kigeuze utazame nyuma ambako jua halijafika.

Mabawa matatu na hilo nusu shada, ukipima kwa vyeo vya maafisa wa jeshi, ni sawa na Hauptmann, yaani kapteni. Kwa hiyo huyo jamaa alikuwa bosi kidogo, si tarishi.

Sasa rudi kwenye picha, ila rangi ya kola usiihukumu kwa picha nyeusi na nyeupe maana filamu nyingi za zamani hazikushika wekundu, nyekundu inatoka karibu nyeusi kabisa. Tazama kifua. Tai wa kitambaa yuko kulia kwake, sawa, lakini beji ya rubani ni ya chuma, shada la mviringo lenye tai ndani, na inakaa kushoto. Kama kushoto kutupu basi hiyo stori ya urubani inazidi kukosa miguu.

Kuhusu feki, zima taa umulike kipande kwa taa ya UV. Nyuzi za kisasa mara nyingi zinawaka nyeupe-buluu, za enzi hizo zinabaki bila kuwaka, japo kitu halisi kikifuliwa kwa sabuni ya siku hizi nacho kinaweza kuwaka, hivyo usikitupe kwa kipimo hicho kimoja. Kagua na mshono wa nyuma: cha kweli kilichotolewa kwenye koti huwa kimebaki na vitundu vya sindano na mabaki ya uzi pembeni. Na ukikuta muhuri wa LBA, hiyo ni idara ya mavazi ya Luftwaffe, usishangilie mapema, muhuri ndio kitu cha kwanza wanachoiga mafundi wa feki.