Pointi ya 4, ya 8 au ya 16? Maswali yenu ya amplifaya za valvu na spika

Safari hii karibu maswali yote yanazunguka kitu kimoja, zile skrubu za nyuma ya amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) zilizoandikwa 4, 8 na 16, yaani pointi za kufungia spika, watu wanaziogopa kama nini sijui. Haya twende.

Amplifaya yangu nyuma ina 0, 4, 8 na 16, spika zangu zimeandikwa omu 8. Nifunge wapi, na kwani kwa nini wameweka nyingi hivyo?

Waya mweusi kwenye 0 (nyingine wameandika COM, ni kitu kilekile), mwekundu kwenye 8, washa, sikiliza muziki. Jibu fupi ndio hilo.

Jibu refu ni kwamba valvu inatoa volti nyingi na mkondo kiduchu, spika inataka kinyume chake, kwaiyo katikati yao lazima akae transfoma. Valvu mbili za aina ya EL84 zinazofanya kazi kwa kupokezana zinataka zione mzigo wa kama omu 8000 kutoka anodi moja (lile bati la kijivu ndani ya kioo) hadi nyingine, EL34 mbili kama 6600, 300B moja peke yake inaridhika na 3000 mpaka 3500 hivi. Sasa wewe una spika ya omu 8. Transfoma inaifanya hiyo 8 ionekane 8000 kwa uwiano wa mizunguko ya waya, na hapo kuna hesabu moja tu ya kukumbuka, uwiano wa impidansi (ukinzani kwa umeme wa muziki, unaopimwa kwa omu) ni kipeo cha pili cha uwiano wa mizunguko. 8000 gawa kwa 8 ni 1000, kipeuo cha pili cha 1000 ni 31.6 hivi, basi upande wa valvu una mizunguko karibu 32 kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa spika.

Ukileta spika ya 4, mizunguko ya upande wa spika inabidi ipungue ili valvu iendelee kuona 8000 ileile, ndo maana kiwandani wanachomoa waya njiani kabla koili haijaisha. Na wengi hawaamini nikiwaambia kwamba pointi ya 4 ipo katikati kabisa ya koili ya 16, nusu kwa nusu, siyo robo. Ya 8 iko kwenye kama asilimia 71 ya koili. Wati hazibadiliki, amplifaya ya wati 20 itatoa volti 9 hivi kwenye 4, 12.6 kwenye 8, na 17.9 kwenye 16, na zote hizo ni wati 20 ukiweka spika inayolingana. Kwaiyo anayekwambia pointi ya 16 "ina nguvu zaidi" mwache aendelee na safari yake.

Nikiweka spika ya 8 kwenye pointi ya 4 nitaunguza kitu?

Kwa amplifaya ya muziki wa nyumbani, hapana. Valvu zitaona mzigo mara mbili, 16000 badala ya 8000, utapoteza wati kiasi, basi. Na kuna faida ambayo watu wengi wanaipenda bila kujua inatoka wapi. Tuseme ukiwa kwenye pointi ya 8 amplifaya yako ina impidansi ya ndani ya omu 2, ukihamia pointi ya 4 inakuwa omu 1. Spika ni ileile ya 8, kwaiyo uwezo wa amplifaya kuishika koni isiyumbe (omu 8 za spika gawa kwa hiyo impidansi ya ndani) umetoka 4 kwenda 8, umeongezeka mara mbili kwa kuhamisha waya mmoja tu. Besi inabana, ile ya kuvimba vimba inapungua. Kama chumba chako ni kidogo na husikilizi kwa sauti ya harusi, mimi ningejaribu hii kabla ya kununua kitu chochote kipya.

Na kinyume chake, spika ya 4 kwenye ya 8 au ya 16?

Hapo ndo pa kuwa makini. Spika ya 4 kwenye pointi ya 8, valvu zinaona nusu ya omu zilizozoea, mkondo unapanda, anodi zinapata joto, sauti inaanza kukwaruza mapema. Ukisikiliza taratibu hutaona shida, ukipandisha valvu zinazeeka haraka. Kwenye ya 16 ni robo ya omu hizo, usifanye kabisa.

Ukitaka kujua kama valvu inateswa, zima taa za chumba, pandisha sauti kama unavyosikiliza siku zote, alafu angalia lile bati la kijivu ndani ya kioo. Ule mwanga wa rangi ya chungwa wa katikati ni wa filamenti, ule waya unaoipasha valvu moto, huo ni wa kawaida. Ila bati lenyewe likianza kuwa na doa jekundu la kiza ubavuni, zima sasa hivi, usisubiri wimbo uishe. (Linaweza kuwaka pia kwa sababu ya bayasi mbovu (mpangilio wa mkondo wa valvu ikiwa imetulia), kwaiyo usikimbilie kulaumu spika peke yake.)

Nimepima spika yangu ya 8 kwa mita imesoma 5.9. Nimeuziwa feki?

Hapana mkuu. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili kwa umeme wa betri, muziki siyo umeme wa betri. Spika ya 8 kusoma 5.5 mpaka 7 ni sawa kabisa, ya 4 inasoma 3 na kitu.

Namba ya nyuma ya boksi yenyewe ni kama jina la utani tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinasema impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, yaani spika ya 8 isiende chini ya 6.4, lakini zipo nyingi zinaandikwa 8 alafu ukizipima kwa mawimbi tofauti unakuta mahali zimeshuka hadi 4. Na zinapanda pia, boksi la kawaida linaweza kufika omu 30 pale besi yake inapotetema yenyewe, likashuka kwenye sauti za kati, likapanda tena. Spika ya umemetuli (inayotumia utando mwembamba badala ya koni) ya kampuni ya Quad ya mwaka 1957 ndo kiboko, kwenye besi inapita omu 30 na juu kabisa inaanguka chini ya 2, sasa hapo uniambie utaifunga pointi gani "inayolingana".

Amplifaya ya valvu, hasa isiyo na fidibeki nyingi (kurudisha kidogo cha inachotoa ili ijirekebishe), inaufuata huo mlima na bonde, pale impidansi ilipo juu inatoa sauti kubwa kidogo, pale ilipo chini inapunguza. Ndo maana ukihamisha pointi unasikia hadi rangi ya muziki imebadilika, hujarogwa.

Spika zangu ni omu 6.

Jaribu 4 kwanza, kisha 8. Zote salama kwa sauti ya kawaida.

Nimerithi spika za zamani za Uingereza zimeandikwa 15.

Pointi ya 16, bila wasiwasi. Zamani kule 15 ilikuwa namba ya kawaida tu, hata spika ndogo ya LS3/5A ya BBC ilianza na 15 kabla ya kuja toleo la omu 11 mwaka 1987. Ukiwa na hilo la 11, sikiliza kwenye 8 na kwenye 16 uchague mwenyewe.

Fundi kanishauri spika ya 4 niiongezee rizista ya omu 4 kwenye waya ili iwe 8. Ni sawa?

Kwenye karatasi ni sawa, masikioni ni msiba. Nusu ya wati zako zinaenda kupasha moto rizista, na mbaya zaidi amplifaya haiishiki tena koni, maana kati yao pamesimama omu 4 nzima. Una pointi ya 4 pale nyuma, itumie jamani.

Napiga gitaa, nina kabati mbili za omu 8, nizifungeje? Na swichi ya omu naweza kuizungusha huku napiga?

Zikifungwa paraleli, chanya na chanya, hasi na hasi, zinakuwa 4, weka swichi kwenye 4. Mbili za 16 zinakuwa 8. Moja ya 8 na moja ya 16 zinakuwa 5.3, weka 4. Swichi usiiguse amplifaya ikiwa inafanya kazi, kwa sababu kuna sekunde ndogo katikati ambapo spika haijaunganishwa popote. Na ile ruhusa ya spika ya 8 kwenye 4 niliyowapa watu wa muziki wa nyumbani, wewe unayesukuma pentodi (valvu kama EL84 na EL34) mpaka mwisho usiichukue, gridi ya skrini (wavu wa ndani ya valvu) inakula mkondo mwingi na volti za anodi zinaruka juu. Linganisha namba.

Kwani amplifaya ya valvu ikiwashwa bila spika inakuwaje? Ya transista nawasha hivohivo kila siku.

Ya transista haina shida. Ya valvu ukiingiza muziki bila spika, nguvu iliyoko kwenye transfoma haina pa kutokea, inarudi upande wa anodi kama volti za maelfu, inatoboa insulesheni ya transfoma au inapiga cheche kwenye soketi. Fender kwenye amplifaya zake nyingi aliweka jeki kuu ya spika inayojishoti yenyewe ukichomoa plagi, maana kwa valvu shoti ya muda mfupi ina nafuu kuliko kuwa wazi. Ukiwa unapima mezani tumia rizista ya omu 8 yenye wati za kutosha.

Nikitaka kulinganisha pointi mbili nifanyeje?

Zima, subiri dakika chache, hamisha waya mwekundu tu, mweusi unabaki kwenye 0, kaza, ndo uwashe. Usifungue kifuniko, humo ndani kuna volti 400 na zaidi na kapasita zinazitunza hata ukichomoa plagi. Alafu kumbuka kwa spika ileile pointi ya juu ina sauti kubwa zaidi, kutoka 8 kwenda 16 volti zinapanda mara 1.4 yaani desibeli 3 hivi, na sikio la binadamu likisikia kubwa linasema ni nzuri. Kwaiyo kila ukihamia punguza au ongeza sauti mpaka zilingane, tumia wimbo mmoja wenye gitaa la besi linalotembea, usikilize kama noti moja moja zinasikika au zinavumia pamoja.