Gari imepaki, oili inazeeka: majibu ya maswali yenu

Vitz yangu imetembea km 1,200 tu tangu nimwage oili mwaka juzi. Fundi anataka nimwage tena, ananipiga?

Hakupigi. Hili swali nalijibu kila mara, jamani someni kitabu cha gari, kimeandika kilomita AU miezi, kinachotangulia ndo hicho, nyie mnaona kilomita tu. Injini ikiwaka na kupoa inabaki na unyevu ndani, petroli isiyoungua inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), hapo inatengenezwa asidi inayokula bearing wakati wewe unajisifu gari haijachoka. Mwaka ukifika mwaga, na filta badilisha hapohapo. Kuweka oili mpya na filta ya zamani ni kuichafua siku ya kwanza.

Nipo Muscat kikazi, gari iko Tanga. Mdogo wangu anaiwasha dakika tano kila Jumapili. Inatosha?

Mwambie aache leo. Hiyo dakika tano ndo inaharibu, maana injini baridi inavuta petroli nyingi kuliko kawaida, na kuungua kwa petroli kunatoa maji, sasa oili haijapata moto wa kuyafukuza anazima, Jumapili ijayo anaongeza mengine. Na asidanganywe na geji, ile inapima maji ya rejeta, oili inachelewa kupata moto. Aitembeze barabarani nusu saa kila wiki mbili, barabara iliyofunguka sio foleni, la sivyo asiiguse kabisa. Na ukijua itakaa miezi sita, mwaga oili kabla hujasafiri, sio ukirudi! Watu wengi mnafanya kinyume, gari inalala na oili chafu muda wote huo. Betri achomoe waya wa negativu.

Oili ikiwa nyeusi ndo imekufa?

Hapana. Kwenye dizeli inakuwa nyeusi mapema tu baada ya kumwaga.

Chini ya mfuniko wa oili nimekuta utando kama maziwa mgando. Fundi anasema tufungue hedi (sehemu ya juu ya injini).

Asifungue kitu kwanza. Chomoa stiki ya kupimia oili. Ikiwa safi na maji ya rejeta hayapungui, huo ni unyevu wa gari isiyotembea, ipeleke safari ndefu kidogo, utando utaisha. Ila stiki nayo ikiwa hivyohivyo na maji yanapungua, usipige stata tena, huenda gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekufa, ivutwe mpaka gereji. Fundi anayehukumu hedi kwa mfuniko tu, mkimbie.

Niweke 20W-50, oili nzito, ili ing'ang'anie kwenye vyuma?

Weka namba ya kwenye kitabu. Nzito kupita kiasi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali), na gari iliyolala ndo inaihitaji haraka. Nunua duka unaloliamini, oili feki zimejaa, na kopo likiisha litoboe kabla hujalitupa, yanaokotwa yanajazwa tena.