Kabla hujalipia safari ya mtumbwi Zambezi

Watu wakiniuliza kuhusu Zambezi huanza na mamba. Mimi huwarudisha kwa kiboko. Mamba utamkwepa kwa nidhamu: usioge mtoni, usining'inize mkono majini. Kwa kiboko nidhamu yako haitoshi. Hapo unategemea macho ya mwongozaji, na kwa kweli ndiyo unayoyalipia.

Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini. Ukikaa kati yake na kilindi, umemzibia njia. Kwa hiyo mwongozaji anayejua kazi hupitisha mitumbwi kwenye maji mafupi karibu na ukingo, ila huangalia kwanza kama kuna aliyelala nchi kavu akiota jua, maana huyo naye atashuka kwa kishindo. Hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili waliozama waibuke, kisha huhesabu vichwa. Vilikuwa saba, sasa ni sita? Anasubiri. Kiboko anaweza kukaa chini dakika kama tano, na kwenye jua lile dakika tano ni ndefu. Wageni huanza kunung'unika. Usiwe mmoja wao.

Basi zungumza na mwongozaji mwenyewe, si mtu wa ofisini. Muulize kama ana leseni ya mitumbwi, ataongoza mitumbwi mingapi, na akikuta viboko wameziba njia hufanya nini. Anayejibu "usijali, wamezoea watu" simfuati mtoni.

Kisha kuna upepo, ambao matangazo hayautaji. Kutoka Chirundu, mji wa mpakani kati ya Zambia na Zimbabwe, kwenda hifadhi ya Mana Pools mto unaelekea mashariki, na upepo wa kiangazi huvuma kutoka huko huko. Mbisho (upepo wa kutoka mbele) wa Agosti au Septemba ukikaza, mkondo haukusaidii kitu. Safari iliyopangwa vizuri huanza alfajiri na kupumzika mchana. Mwenye uzoefu akae tezi (nyuma) ashike uelekeo, mwenzake akae omo (mbele). Mkizozana (wanandoa huzozana sana humo), badilishaneni nafasi mkifika ukingoni.

Oktoba wanyama hujaa mtoni kwa sababu madimbwi ya porini yamekauka, lakini joto hupita nyuzi 40. Mimi napendelea Julai. Usiku buruteni mitumbwi juu kabisa ya fungu la mchanga: kina cha mto hubadilika kulingana na maji yanayoachiliwa na Bwawa la Kariba.

Wanaotaka kayaki, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, na maji ya kuchafuka waende Batoka, korongo lililo chini ya Maporomoko ya Victoria. Kule baadhi ya mikondo ni ya daraja la tano kwa ugumu, kati ya sita, na kofia ngumu ni lazima kama jaketi la kuokolea. Kama hujaweza kujigeuza ndani ya kayaki iliyopinduka bila kutoka, shuka na boti la mpira lenye mwongozaji.