Maswali ya Wasomaji: Begi la kuwindia milimani

SWALI: Naishi Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Oktoba naenda na mwenzangu kuwinda elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) kwa bunduki, siku nne, mbali na barabara. Begi langu lina kilo 27 bila bunduki. Nipunguze nini?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na hema, mfuko wa kulalia na godoro. Vitatu hivyo visizidi kilo 4. Mkigawana hema, mmoja abebe turubai na mwingine vyuma. Nguo za akiba ni soksi na fulana ya sufu tu. Acha pamba kabisa: ikilowa haikauki, na baridi ya huko ni ya kuua.

Chakula kipime kwa nishati. Gramu 700 kwa siku zinatosha ukichagua karanga, siagi ya karanga, jibini na wali uliokaushwa. Makopo yabaki nyumbani.

Begi lenyewe usilipunguze. Nyama ya elki mmoja aliyetolewa mifupa inaweza kufikisha kilo 80 au zaidi, kwa hiyo mtaibeba kwa safari kadhaa, na kila safari utabeba kilo 25 hadi 30. Begi lisilo na fremu, yaani kiunzi kigumu cha mgongoni, litakuvunja mabega. Beba mifuko ya kitambaa ya nyama; ya plastiki hufungia joto na nyama huoza.

Vazi na kofia ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa ni sheria ya Colorado msimu wa bunduki. Chujio la maji lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia: likiganda, nyuzi zake hupasuka usione, na vijidudu vinapita.