Jasho Kwenye Baridi: Sukari Iliyoshuka na Iliyopanda, kwa Wanaoanza Kazi Zahanati za Nyanda za Juu

Wewe uliyepangiwa Makete, Njombe au milima ya Uporoto, karibu. Juni na Julai huku watu wanalala na mablanketi matatu. Kwa hiyo ukiletewa mgonjwa alfajiri, shati limelowa na ngozi ya baridi, usikimbilie kuuliza malaria. Toboa kidole kwanza. Jasho kwenye baridi lihesabu kuwa sukari ya damu imeshuka, hadi mashine ya kupimia sukari ionyeshe kuwa sivyo.

Kwa anayetumia dawa za kisukari, chini ya 3.9 mmol/L sukari imeshuka. Chini ya 3.0 ni hatari. Mwili hujihami kwa adrenalini, ndiyo maana mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio na njaa inamshika ghafla. Ikizidi kushuka, ubongo unakosa chakula: maneno yanamkwama, anagombana na mkewe bila sababu, kisha degedege au kuzimia. Angalia na kadi yake ya presha. Anayemeza propranolol huenda asitetemeke wala asisikie mapigo ya moyo, lakini jasho hubaki.

Kosa linaloua watu huku ni la kilabuni. Mtu amelala kando ya njia, ananuka ulanzi, wote wanasema “huyo kalewa, mwacheni”. Pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya, na kama alishinda shambani akilima viazi bila kula, akiba ya ini imeshakwisha. Anaweza kuwa amelewa na sukari imeshuka, vyote kwa pamoja. Mpime.

Anayeweza kumeza mpe vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye nusu kikombe cha maji. Hiyo ni kama gramu 16. Nusu glasi ya soda ya kawaida nayo inatosha. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, ndipo ale chakula. Ndugu wataleta parachichi au karanga kwa nia njema, ila mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Viwekwe kando kwanza.

Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu. Mtu mzima anahitaji gramu 25 za glukosi kwa mshipa: mililita 50 za dripu ya asilimia 50, polepole, au mililita 250 za asilimia 10. Ya asilimia 50 ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo tafuta mshipa mzuri.

Akizinduka, uliza anameza dawa gani. Kama ni glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, usimruhusu aondoke hata akikuambia “shikamoo daktari, nimepona”. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu, na sukari inaweza kushuka tena usiku. Abaki akipimwa kwa saa 24.

Sukari iliyopanda kwa kawaida haina haraka hiyo. Ikivuka takriban 10 mmol/L, figo hushindwa kuizuia. Inatoka na mkojo ikivuta maji, ndipo kiu, kukojoa usiku na kukonda. Wengi husingizia baridi kwa safari za chooni, basi waulize kama na kiangazi wanaamka hivyo. Kisukari ni 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi muda wowote akiwa na dalili. Asiye na dalili, rudia siku nyingine. Na “sijala kitu” usiliamini upesi: chai yenye sukari na togwa kwao si chakula. Uliza, “Mama, tangu uamke umekunywa nini?”

Mtoto mwenye sukari iliyopanda ndiye anayeponyoka. Anatapika, tumbo linauma, anahema kwa kina, mdomo unanuka kama tunda lililoiva mno, na kifua chake ni kisafi. Anaandikiwa dawa ya homa ya mapafu. Kama siku hizi ameanza tena kukojoa kitandani, pima sukari hapo hapo. Ikiwa juu, ita gari la rufaa na ufuate mwongozo wa maji ya mtoto kwa makini, kwani ukimmiminia dripu ovyo ubongo unaweza kuvimba.

Mashine nayo ina vituko vyake. Ikiandika HI haijaharibika: kwa nyingi maana yake sukari imepita 33, LO ni chini ya takriban 1.1. Nyingi hazifanyi kazi chini ya nyuzi 10, basi usiilaze dirishani, tembea nayo mfukoni. Kidole kilichoganda kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikaushwe, mkono uning’inie chini. Ukikikamua sana, majimaji ya nyama huchanganyika na damu na namba inapotea. Mgonjwa aliyemenya ndizi mbivu bila kunawa atakupa sukari ya ndizi.

Insulini wengi hufundishwa kuilinda na joto. Huku ilinde na jalidi pia. Iliyoganda hata ikiyeyuka haifai tena, na kwa macho huwezi kuitofautisha kila mara. Mwambie mgonjwa asiiache nje usiku wala isigusane na barafu ya friji. Chupa anayotumia ikae ndani ya nyumba, mbali na jiko, na aitupe baada ya wiki nne.