Kabla hujaniletea uchambuzi wa filamu ya Uingereza

Nimekaa na rasimu zenu tangu juzi, na nimeanza kuzijua kabla sijazifungua. Aya ya kwanza inasema filamu za Uingereza zina uhalisia. Ya pili inasema Hollywood ni milipuko na pesa. Ya tatu inasema Waingereza wanajua kuigiza kwa sababu wametokea jukwaani. Halafu inakuja hukumu: "imepoa kidogo, ila inafundisha." Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo: huo si uchambuzi. Waliowatangulia waliandika hivyo hivyo, nami niliandika hivyo hivyo kabla yao. Sasa nayaweka maelekezo yangu pamoja, ili kila anayejiunga nasi ayasome kwanza.

1. Tafuta aliyelipa kabla hujaipa filamu utaifa.

Lafudhi peke yake haikwambii kitu. Filamu 8 za Harry Potter, kuanzia 2001 hadi 2011, zimejaa waigizaji wa Kiingereza na zilipigwa Leavesden, nje kidogo ya London, kwenye majengo yaliyokuwa kiwanda cha ndege. Mwenye mali ni Warner Bros. wa Marekani. Star Wars ya 1977, ambayo nyote mnaiita Hollywood halisi, seti zake nyingi zilijengwa kwenye studio za Elstree, Uingereza. Sasa geuza upande wa pili. Gravity imeongozwa na Alfonso Cuarón, raia wa Mexico, stelingi wake ni Wamarekani, fedha ni za Warner Bros., na mwaka 2014 ikachukua BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ile ya filamu bora ya Uingereza. Mmoja wenu aliandika kwamba hiyo ni "kashfa". Si kashfa. Filamu ile ilitengenezwa kwenye studio za Uingereza, Shepperton na Pinewood, picha zake za kompyuta zikafanyiwa London, na David Heyman, mtayarishaji aliyeshirikiana na Cuarón, ni Mwingereza. Kuna mtihani wa alama unaosimamiwa na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza: alama ni 35, na filamu ikifikisha 18 inahesabika kuwa ya Uingereza na kupata unafuu wa kodi. Studio kubwa zinaufuata unafuu huo, na zinawafuata mafundi waliokomaa kazini.

Mvutano huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1927 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wasambazaji na kumbi kuchukua kiasi fulani cha filamu za nyumbani. Kampuni za Marekani zikajibu kwa kugharimia filamu za haraka haraka na za bei ya chini, ili tu zitimize hesabu. Agosti 1947 serikali ikaweka ushuru wa asilimia 75 kwa filamu za Marekani. Hollywood ikasitisha kupeleka filamu mpya, na mwaka uliofuata serikali ikaulegeza msimamo. Kwa hiyo ukiandika "Uingereza dhidi ya Hollywood" kana kwamba ni timu mbili zilizokutana jana uwanjani, unawanyima wasomaji nusu ya habari.

2. Usimkatie mtu sentensi usiyoikagua. Hapa naomba mnivumilie, ni parefu.

Nilikuwa tayari mhariri, nimeshazoea kuitwa mwalimu. Filamu niliyokuwa nikiitolea mfano kila siku ni Kes ya Ken Loach, ya 1969. Mnaijua: mtoto wa Barnsley, mji wa wachimba makaa ya mawe, nyumbani anapigwa na kaka yake, shuleni anadharauliwa, na kitu pekee anachokiweza duniani ni kumfundisha ndege kozi kuruka na kurudi mkononi. Aliyeigiza, David Bradley, alikuwa mwanafunzi wa pale pale Barnsley. Juu ya filamu hiyo nilijenga hoja yangu yote: hii ndiyo sinema ambayo fedha za Hollywood hazikuigusa, na ndiyo maana ina ukweli. Niliisema kwenye mafunzo, niliiandika, na hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Akaja binti mmoja, mgeni kama ninyi, akaleta uchambuzi wake wa Kes. Katikati aliweka sentensi moja fupi kwamba fedha za filamu ile zilitoka United Artists, kampuni ya Marekani. Nikaikata. Sikukagua popote, sikumpigia simu kumuuliza ameipata wapi. Pembeni nikamwandikia kwamba asiingize mambo asiyo na uhakika nayo, na mahali pa sentensi yake nikaweka ya kwangu: kwamba filamu ile ilitengenezwa bila senti ya Hollywood. Makala ikatoka kwa jina lake.

Msomaji mmoja, mzee aliyewahi kuendesha mashine za kuonyeshea filamu, akamwandikia kumsahihisha, kwa upole na kwa undani. Waliofuata hawakuwa na upole. Waliuliza anawezaje mtu kuandika kuhusu Kes bila hata kujua nani aliilipia. Yule binti, aliyekuwa anajua, aliyekuwa ameandika, alikaa kimya akaubeba uzembe wangu. Nami nilichelewa. Kwanza nilimwambia faraghani kwamba mambo haya hutokea kazini, usemi wa mtu anayetaka jambo lipite. Masahihisho yakachapishwa bila kueleza kosa liliingizwa na nani. Nilipokuja kusema mbele ya wenzake kwamba sentensi ilikuwa yangu na kumwomba radhi, alizipokea radhi kwa adabu, na hakuleta makala nyingine kwetu. Alikuwa na jicho zuri kuliko wengi niliowahariri. Hili bado linaniuma, na sitaki lisahaulike kirahisi.

Na undani wenyewe ulikuwa mtamu kuliko hoja yangu. Mwaka 1963 Tony Richardson aliongoza Tom Jones, filamu ya kampuni ya Kiingereza, Woodfall, kwa fedha za United Artists. Iliwaingizia faida kubwa na ikapata Oscar ya filamu bora. Baada ya hapo kampuni za Marekani zikamimina fedha London, kwani London ndiyo ilikuwa gumzo la dunia. Loach alipokwama kupata fedha za Kes, Richardson ndiye aliyemsaidia kuipata United Artists. Bajeti ilikuwa takriban pauni 157,000, kiasi ambacho kwa studio kubwa hakimkoseshi bosi usingizi. Ndiyo maana Loach aliachiwa watoto wake wa Barnsley, lahaja yao na mwisho wake mchungu. Muongo ulipokwisha Wamarekani wakapata hasara kwao, wakafunga mifuko, na miaka ya 1970 ikawa migumu kwa watengeneza filamu wa Uingereza. Kes ilipita mlangoni kabla haujafungwa.

Kwa hiyo swali la "hela ya nani" lina ndugu zake wawili: ni kiasi gani, na aliyeitoa ana haki ya kubadilisha nini? Dola chache zinaweza kuja bila masharti. Dola milioni 150 haziji hivyo.

3. Taja bajeti na mwaka kabla hujalinganisha.

Mwaka 2008 Slumdog Millionaire ya Danny Boyle iligharimu takriban dola milioni 15. Mwaka huo huo The Dark Knight iligharimu takriban milioni 185. Usishindanishe jahazi na meli ya makontena kwa kuhesabu mizigo, halafu ukatangaza kwamba jahazi limeshindwa. Tena mwangalie aliyeiongoza hiyo ya milioni 185: Christopher Nolan, mzaliwa wa London, ambaye mwaka 1998 alitoa Following kwa takriban dola 6,000. Waliipiga siku za mapumziko kwa sababu wote walikuwa na kazi zao katikati ya wiki, na walifanya mazoezi mengi kabla ya kila shoti ili wasichome mkanda bure. Mtu ni yule yule.

Na msimsahau msambazaji. Slumdog ilikuwa mikononi mwa Warner Independent, tawi ambalo Warner Bros. walilifunga mwaka huo huo, na ilikuwa karibu kuishia kwenye DVD nchini Marekani. Fox Searchlight wakaichukua. Ikapata Oscar 8.

4. Kamera isipotembea, uliza kwa nini.

Wengi wetu tulilelewa na filamu za kutafsiriwa, DJ anaongea mwanzo hadi mwisho, kimya hakipewi hata sekunde. Mazoea hayo nayasikia pale pale mnapoandika "imepoa". Basi rudini kwenye Secrets & Lies ya Mike Leigh, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 1996. Hortense, mwanamke mweusi aliyelelewa na wazazi wa kuasili, amemtafuta mama aliyemzaa. Mama, Cynthia, ni mzungu, mfanyakazi wa kiwandani. Wameingia kwenye mgahawa usio na wateja, wamekaa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, chai mbele yao, sisi tunawatazama usoni. Kamera haisogei na shoti haikatwi kwa dakika nyingi. Cynthia anashikilia kwamba pametokea makosa, kwamba hajawahi kuwa na mwanamume mweusi maishani mwake. Halafu anasita. Kitu kinampita usoni. Amekumbuka. Anageuka pembeni, analia, hawezi kumtazama binti yake, na Hortense yuko pale pale, sentimita chache, haelewi amguse au asimguse.

Sasa fikiria shoti ile ingekatwa: uso wa mama, uso wa binti, kikombe, muziki. Tungeelekezwa tumtazame nani na lini. Leigh anatuachia nyuso zote mbili kwa wakati mmoja. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ya namna anavyofanya kazi: anaanza bila skripti, anakaa na waigizaji miezi mingi wakijenga wahusika kwa kubuni papo hapo, na kila mmoja anajua tu yale ambayo mhusika wake anayajua. Hakuna studio kubwa itakayosaini hundi ya mamilioni kwa skripti isiyokuwepo. Studio inatangaza tarehe ya kutoka mapema, inawaonyesha watazamaji wa majaribio, na wasipoelewa, filamu inarudi mezani. Ridley Scott, Mwingereza, yalimpata mwaka 1982. Baada ya maonyesho ya majaribio ya Denver na Dallas, Blade Runner iliongezewa sauti ya Harrison Ford akisimulia na mwisho wa matumaini, wenye mandhari yaliyobaki kwenye mikanda ya The Shining ya Stanley Kubrick. Mwaka 1992 likatoka toleo lisilo na nyongeza hizo.

5. Washa manukuu, yale maandishi ya chini ya skrini; lahaja ya Barnsley iliwashinda hata Wamarekani.

6. Msiidharau Hollywood ili muonekane wasomi.

Hii ndiyo rasimu inayonichosha kuliko zote: "Waingereza hawaogopi mwisho wa huzuni, Hollywood wanalazimisha furaha." Chukua The Third Man ya 1949, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Alexander Korda wa London na David O. Selznick wa Hollywood. Mwishoni, makaburini Vienna, Holly, mhusika mkuu, anasimama kando ya barabara ndefu yenye miti. Anna, mwanamke anayempenda, anakuja kutoka mbali, mdogo kama nukta, anatembea, anatembea, majani yanadondoka, na sisi tunangoja kama Holly anavyongoja. Anampita. Hageuzi hata shingo. Nani alitaka wapatane, washikane mikono? Graham Greene, mwandishi, Mwingereza wa damu. Carol Reed, mwongozaji, akakataa, na baadaye Greene mwenyewe akaandika kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi. Ubishi huo ulikuwa kati ya Waingereza wawili.

Na chunga umetazama toleo gani. La Uingereza linaanza na sauti ya Reed mwenyewe akisimulia. La Marekani lilipunguzwa takriban dakika 11 na usimulizi ukapewa Joseph Cotten, aliyeigiza Holly. Ukilitazama moja na kunukuu jingine, msomaji makini atakukamata.

7. "Inaonekana kama ya televisheni" si tusi.

Channel 4, kituo cha televisheni cha Uingereza, ilipoanza Novemba 1982, ilianza kugharimia filamu pia. My Beautiful Laundrette ya Stephen Frears, skripti ya Hanif Kureishi, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 kwa ajili ya televisheni. Ikaonyeshwa kwenye tamasha la Edinburgh mwaka 1985, watu wakaipenda, ikaingia kwenye kumbi. Kijana mwenye asili ya Pakistani na mpenzi wake mzungu wanafufua duka la kufulia nguo, London Kusini, wakati wa Waziri Mkuu Thatcher: habari hiyo ingekaa foleni miaka mingapi kwenye ofisi ya studio kubwa? Fremu zake ni za karibu, vyumba vimebana, kwa sababu ilitengenezwa kwa skrini ya sebuleni. Andika kwamba vyumba vimebana na useme kubana huko kunawafanya nini wahusika. Hapo umeanza kazi.

Rasimu mpya nazisubiri Ijumaa. Juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, niandikieni mwaka, mlipaji, msambazaji, bajeti kama inajulikana, na toleo ulilotazama. Mahali ulipoipata kila taarifa uniwekee pembeni. Nikiitilia shaka sentensi yako, nitakupigia simu kabla ya kuigusa, kwa hiyo siku hiyo simu zisizimwe.